Nyuki wa Kusini wanakula wapi?

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji utakayeyakuta maneno haya gazetini, iko methali yetu isemayo "fuata nyuki ule asali". Tunaitumia kila siku. Mzazi humwambia mwanawe asiyejua kuchagua marafiki. Mwanasiasa huitumia anapotafuta wafuasi. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kumfuata nyuki hasa, kwa miguu yao, wakajua anakwenda kwenye ua gani na anarudi na nini? Leo nakuomba tumfuate. Tutamfuatia huko Kusini, katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi kwenye mlango wa mto Ruvuma. Huko habari za nyuki ni za miaka mingi, lakini zimeandikwa nusu tu.

Nusu iliyoandikwa ni ile iliyopakiwa jahazini. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno mmoja, Duarte Barbosa, aliandika habari za miji ya pwani yetu. Alieleza kwamba watu wa Mombasa, walipokuwa na amani na jirani zao wa bara, walipata kutoka kwao asali nyingi, nta na pembe. Karne tatu baadaye bandari za Kusini, yaani Kilwa, Lindi na Mikindani, zilikuwa zikipeleka ng'ambo pembe, sandarusi, mpira wa msituni na nta, bila kusahau biashara ile mbaya ya wanadamu. Wadachi walipokuja wakaweka kodi ya nyumba mwaka 1898, na mtu wa kijijini akalazimika kutafuta fedha. Nta ikawa miongoni mwa vitu vichache alivyoweza kuviuza bila kuajiriwa na mtu. Asali aliila nyumbani, au akapikia wanzuki. Masega aliyachemsha, akayachuja, akapata bonge la nta, akaenda nalo dukani.

Sasa fikiria karani wa forodha. Katika daftari lake ana safu ya uzito na safu ya bei. Bonge la nta linawekwa mizanini, linaandikwa, linakwenda zake Ulaya kutengenezewa mishumaa na dawa ya kung'arishia samani. Karani hana sababu ya kuuliza nyuki waliolitengeneza walikula wapi. Kwake yeye nta ni nta. Lakini kwa yule aliyeirina, swali hilo lilikuwa ndilo la kwanza. Asiyejua maua hajui mahali pa kutundika mzinga, wala hajui mwezi wa kuufungua. Basi nusu ya pili ya historia hii, ile ya maua, ilibaki vichwani mwa watu.

Wapo wageni wachache waliotazama mimea ya huko kwa macho ya elimu. Mwaka 1861 na tena mwaka 1862, David Livingstone aliingia mto Ruvuma akitafuta njia ya maji ya kufika bara. Pamoja naye alikuwa John Kirk, tabibu aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, na ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja. Mto ulikuwa na mafungu ya mchanga, na safari haikufika mbali. Livingstone alirudi mwaka 1866. Alipoona kwamba mikoko ya mlangoni mwa Ruvuma haimpi mahali pa kuwateremsha ngamia wake, akaenda kushukia Mikindani, na kutoka hapo akaianza safari ambayo hakurudi nayo akiwa hai.

Kirk ndiye anayetuhusu zaidi. Katika miaka ile wafanyabiashara wa Ulaya walibishana kuhusu sandarusi, ule utomvu mgumu unaochimbwa ardhini katika pwani yetu na kutumika kutengenezea vanishi. Je, ulitokana na mti uliokwisha kutoweka, au na mti uliopo? Kirk alichunguza vipande vya sandarusi na miti hai ya msandarusi, akaonyesha kwamba ile iliyochimbwa ilitokana na mti wa aina hiyo hiyo. Ushahidi aliutafuta katika vitu vilivyonaswa ndani ya utomvu kabla haujakauka.

Na ni vitu gani hunaswa ndani ya sandarusi ya Afrika Mashariki? Wadudu wa kila aina, na miongoni mwao wamo kwa wingi nyuki wadogo wasiouma, wale ambao watoto wa shamba huwachokoa kwenye mashimo ya miti ili walambe asali yao yenye ukali kidogo. Kwa nini wao? Kwa sababu nyuki hawa hukusanya utomvu wa miti, wakauchanganya na nta na kujengea kiota. Alikwenda kuchukua udongo wa kuta za nyumba yake, udongo ukamshika miguu, akabaki humo. Leo ukikiweka kipande chake mbele ya taa, utamwona na mabawa yake.

Nyuki huyo ana somo kwa anayetaka kujua mimea ya nyuki. Kumwona nyuki juu ya mti hakutoshi kusema kwamba mti huo unamlisha. Nyuki huenda kwenye mmea kwa haja mbalimbali. Huenda kutafuta mbochi, yaani yale maji matamu yaliyomo ndani ya ua, ambayo ndiyo asili ya asali. Huenda kutafuta chavua, yule unga wa ua, ambao ni chakula cha kulelea watoto wake. Huenda kutafuta utomvu wa kuzibia nyufa za mzinga. Na siku za jua kali huenda kutafuta maji tu. Mtu akiandika orodha ya kila mti aliomwona nyuki ametua, orodha yake itakuwa ndefu na haitamsaidia mfugaji.

Tutambuaje basi? Wataalamu wana njia zao, na nyingi si ngumu. Ya kwanza ni kusimama kwenye ua na kungoja. Nyuki anayetafuta mbochi huzamisha kichwa chake ndani na kutulia kidogo. Anayetafuta chavua huchakura juu ya vichwa vya unga, na ukitazama miguu yake ya nyuma utaona vidonge viwili, vya njano, vya rangi ya machungwa au vyeupe, kadiri ya ua. Ya pili ni kuhesabu saa. Mimea mingine hutoa mbochi alfajiri tu, mingine jioni, na aliyepita saa sita mchana akaona kimya ataandika kwamba mti huo haufai. Ya tatu ni kurudi tena kesho na keshokutwa. Mwanafalsafa wa Kiyunani, Aristotle, aliona zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba nyuki katika safari moja hatangitangi, bali hushika aina moja ya ua mpaka arudi nyumbani. Kwa hiyo ukiwaona wengi juu ya mti mmoja siku tatu mfululizo, jua kuna kitu.

Njia ya nne ni ya maabara. Kila mmea una chavua yenye umbo lake: nyingine ni ya mviringo, nyingine ina pembe tatu, nyingine ina miiba kama fenesi. Tone la asali likizimuliwa na kuwekwa chini ya hadubini, chembe hizo huonekana, na mtu aliyezoea huweza kusema asali hii imetoka kwenye maua gani. Elimu hiyo ilianza Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Ndugu yangu wa Dar es Salaam unayenunua asali barabarani katika chupa ya konyagi, na kuipima kwa njiti ya kiberiti, elewa kwamba njiti hiyo haikwambii lolote kuhusu maua. Hadubini hukwambia, ila nayo ina mipaka yake: chavua iliyopeperushwa na upepo huweza kuangukia humo bila nyuki kulitembelea ua lake.

Hapa Tanganyika elimu ya mimea ya nyuki ilianza kuandikwa kwa utaratibu baada ya mwaka 1949, serikali ya kikoloni ilipounda kitengo cha ufugaji nyuki. Ofisa mmoja wa kazi hiyo, F. G. Smith, katika miaka ya 1950 aliandika juu ya mimea inayolisha nyuki katika nchi hii, na mwaka 1961 akawagawa nyuki wetu wa asali katika jamii tatu: wale wa nyika na mbuga, wale wa milimani, na wale wa pwani. Hao wa pwani aliwapa jina la Kilatini la litorea, yaani wa ufukweni. Kumbe nyuki wa Mtwara alistahili jina lake mwenyewe! Hata hivyo biashara kubwa ya nta ilikuwa Tabora, katika nchi ya miombo, na macho ya serikali yakaelekea huko zaidi.

Kwa upande wa mimea yenyewe, kazi kubwa ilikuwa ule mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, uliosimamiwa na bustani ya Kew huko Uingereza. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1952 na cha mwisho mwaka 2012. Miaka 60 kamili! Humo kila mmea una jina la Kilatini, ili mtu wa Nairobi na mtu wa Mtwara wasibishane. Na kubishana ni rahisi. Sisi wa mjini tukisema "mikoko" tunamaanisha msitu mzima wa majini. Mtu wa pwani hasemi hivyo. Yeye anajua mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana, mkomafi, na kila mmoja una mbao yake, kuni yake na ua lake.

Tuishike mifano ya mlango wa Ruvuma, maana huko mikoko ni mingi, na tangu mwaka 2000 eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma. Nyuki akitoka mzingani asubuhi akaruka juu ya matope hayo, haoni msitu mmoja. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, chavua yake huchukuliwa zaidi na upepo. Nyuki hupata unga tu, asali si sana. Mlilana hufungua maua yake usiku kwa ajili ya popo na nondo, na nyuki wa alfajiri huja kuokota mabaki. Msinzi wenye kikonyo chekundu ni karamu ya ndege wa chozi. Lakini mchu, ambao ua lake ni dogo mno, la rangi ya machungwa, na mpita njia hawezi hata kuligundua, huo ndio wenye mbochi. Katika nchi nyingi za joto wafugaji hupeleka mizinga karibu na mchu kwa makusudi. Basi ua dogo lisilopendeza huenda likawa ghala, na ua kubwa jekundu likawa pambo tu kwa nyuki. Hata huo wekundu, nyuki hauoni kama tuuonavyo sisi. Mwaustria Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alithibitisha kwamba macho ya nyuki hayaijui rangi nyekundu, ila yanaona mwanga mwingine ambao macho yetu hayauoni.

Mimi niliwahi kukaa na mzee mmoja mrina asali katika vijiji vya upande wa Mahurunga. Nilikuwa na daftari, na baada ya shikamoo na marahaba nikamwambia, "Babu, nitajie miti ya nyuki." Akacheka. "Mjukuu wangu, ukitaka nikutajie miti, nitakutajia mpaka jua lizame, na hutajua kitu. Niulize mwezi." Nikamuuliza mwezi. Akaanza na kipupwe: mikorosho na miembe ikitoa maua, nyuki hawana njaa. Mikorosho ikimaliza, yanakuja maua ya porini kabla ya mvua. Kisha mikokoni. Katikati ya yote hayo upo mnazi, ambao hutoa kole baada ya kole mwaka mzima. "Mnazi ni kama duka la jirani," aliniambia. "Hakuna karamu, lakini hufungi njaa." Kisha akataja vichaka fulani kando ya shamba lake, mti kwa mti, kwa majina ya Kimakonde ambayo sikuyakuta katika kitabu chochote nilichokuwa nacho.

Wako wasomi wanaodharau maarifa ya namna hiyo, wakisema hayajapimwa. Basi niwape habari ya jirani zetu ng'ambo ya pili ya mto huo huo wa Ruvuma. Katika hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, Wayao huenda kutafuta asali wakiongozwa na ndege mdogo anayeitwa kwao sego. Ndege huyo humwongoza mtu hadi kwenye mti wenye nyuki, mtu hutumia moto na shoka, kisha ndege hula nta iliyobaki. Padri wa Kireno aliyeishi Sofala, João dos Santos, alikwisha kuyaona mambo hayo mwaka 1588. Aliona pia ndege hao wakiingia kanisani kudonoa mishumaa. Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walipima jambo hilo. Waligundua kwamba mlio maalumu ambao Wayao hujifunza kwa baba zao uliongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa kuonyeshwa kiota cha nyuki kutoka asilimia 17 hadi 54. Yaliyosemwa na wazee yalipimwa, yakakutwa ni kweli.

Utaniuliza, ndugu msikilizaji, haya yote yana faida gani kwa nchi? Faida iko kwenye korosho. Na hapa inafaa tuikumbuke historia nyingine ya Mtwara.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga. Mji wa Mtwara wa leo na bandari yake ni matunda ya mpango huo. Karanga za Nachingwea zilikuwa zisafirishwe kwa reli hadi baharini. Matingatinga yakaletwa kufyeka pori. Kule Kongwa, ambako kazi ilianzia, yalipoiangusha mibuyu yenye mizinga ya nyuki, nyuki walitoka na kuwashambulia madereva. Mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kula mamilioni ya pauni, na baadaye reli nayo ikang'olewa. Sisemi kwamba nyuki ndio waliouangusha. Uliangushwa na ardhi ngumu, mvua haba na haraka ya wakubwa. Ila tazama jambo hili: karanga hujichavusha yenyewe, ua lake halimngoji mgeni. Lilikuwa zao linaloweza kupandwa na mtu asiyejua chochote kuhusu nyuki.

Korosho ni kinyume chake. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na baadhi ya ndugu zetu wa pwani ya Kenya bado wanauita mkanju, jina linalofanana na lile la Kireno. Kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kivuli na mabibo. Katika miaka ya 1950 na 1960 wakulima wadogo wa Kusini, kwa majembe yao na bila tingatinga, waliupanda kwa maelfu ya ekari. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000.

Sasa litazame ua la mkorosho. Ni dogo, jeupe lenye mistari ya waridi, na likizeeka hugeuka jekundu. Katika shada moja maua mengi ni madume tupu, yasiyoweza kuzaa. Machache ndiyo yenye viungo vyote viwili. Chavua yake inanata. Lazima atokee wa kuichukua kutoka dume kwenda kwenye lile litakalozaa. Wachukuzi ni wadudu, wakiwemo nzi na sisimizi, lakini nyuki wa asali na nyuki wadogo ni miongoni mwa wale wa kutegemewa. Korosho unayoitafuna kwenye basi la kwenda Kibiti ilianza kwa mgeni wa namna hiyo.

Baada ya mwaka 1974 zao likaporomoka. Watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao. Bei kwa mkulima ilikuwa duni. Na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaripotiwa ugonjwa wa ubwiriunga, unaoyafunika maua na machipukizi kwa unga mweupe. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Watafiti wa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, wakasaidia kupata dawa na miche bora. Salfa ikaanza kupulizwa, zao likainuka, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000.

Tuwashukuru wataalamu hao. Lakini wakati wa kupuliza dawa ni wakati ule ule wa maua, na wakati wa maua ni wakati ule ule wa nyuki. Salfa si sumu kali kwa nyuki. Sumu kali ni dawa za kuua wadudu, zinazopulizwa kwa ajili ya mbu wa mikorosho na wenzake. Dawa hizo hazimwulizi mdudu amekuja kunyonya chipukizi au kuchavusha ua. Mkulima anayezipuliza asubuhi, maua yakiwa wazi na nyuki kazini, anamfukuza mchukuzi wake mwenyewe. Akingoja jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, amepunguza hasara. Akiwaacha maji moto, wale sisimizi wekundu wajengao viota vya majani, hao nao humlindia mti dhidi ya mbu hao.

Na liko jambo kubwa kuliko dawa, ambalo ndilo lililonifanya nizungumze leo. Mkorosho una maua kwa miezi michache tu. Nyuki anakula mwaka mzima. Miezi iliyobaki analishwa na nani? Analishwa na vile vichaka alivyonitajia yule mzee, na miombo, na mchu, na minazi, na magugu ya mashamba yaliyolazwa. Bei ya korosho ikipanda, kila mtu hutaka kuongeza ekari. Kichaka cha mwisho kati ya shamba na shamba hufyekwa, kwa kuwa machoni mwetu hakizai kitu. Mikoko nayo hukatwa kwa boriti na mkaa. Hata mrina asali mwenyewe hana budi kulaumiwa hapa: mti unaochunwa gome lote ili kutengenezea mzinga hufa, na pamoja nao hufa maua ya miaka mingi. Msimu wa korosho ukirudi, maua yatakuwapo tele, na mgeni hatakuja kwa sababu alikwisha hama kwa njaa.

Ndiyo maana nasema orodha ya mimea ya nyuki si mchezo wa wastaafu wenye hadubini. Ni orodha ya vitu visivyofaa kukatwa. Tunayo Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998, na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Sera na sheria hazitamwambia mkulima wa Kilambo au wa Msimbati ni kichaka kipi akiache. Atakayemwambia ni yule anayejua kichaka hicho kwa jina, na kwa mwezi wake. Watu hao ni wazee, na kila mwaka tunazika baadhi yao pamoja na kalenda yao.

Mimi ningependa kuona kazi hii ikianzia shuleni. Mwalimu wa shule ya msingi huko Mahurunga au Madimba hahitaji maabara. Ahitaji daftari moja, lenye safu nne. Jina la mmea kwa lugha ya nyumbani. Mwezi ulipochanua. Saa nyuki walipoonekana. Walichukua nini, mbochi au unga. Watoto watatazama, babu na bibi zao watawatajia majina, na tawi likipelekwa kwa wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, litapata na jina la Kilatini. Baada ya miaka mitatu kijiji kitakuwa na kitabu chake, na safu ambayo karani wa forodha hakuwa nayo itakuwa imeandikwa.

Na wewe wa mjini, siku utakaponunua asali ya Kusini, usiishie kuuliza kama imetiwa sukari. Muulize muuzaji: nyuki hawa walikula wapi? Asipojua, mwambie akamuulize aliyemuuzia. Swali likirudi mara nyingi hadi kijijini, huenda akatokea mtu wa kulijibu kabla kichaka hakijafyekwa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.